Treni ya Kwenda kwa Koko

Fleti yetu ya Kilburn, London, ilinuka dagaa. Mama aliwakaanga kila Jumatatu kwa vitunguu vingi, madirisha wazi hata wakati wa baridi, na bado harufu ilishuka ngazi mpaka kwa majirani wa chini. Mwaka niliotimiza miaka kumi, harufu hiyo iliingia hadi kwenye ramani ya Amerika, ambayo baba aliitandaza juu ya meza ya chakula na kuikandamiza pembe kwa chupa ya pilipili na vikombe vitatu. Sisi tulikula sahani zikiwa mapajani. Wiki ya kwanza mama alilalamika, ya pili akachoka.

Baba alikuwa dereva wa basi, na safari aliyoiota ilikuwa ya kuendeshwa, si ya kuendesha. Ndege mpaka New York, kisha treni: Chicago kwa mdogo wake, halafu Denver, Salt Lake City, milima na jangwa, hadi Sacramento alikoishi mama yake pamoja na shangazi Zawadi. Sisi watu wa Bukavu bibi tunamwita Koko. Vita viliwatoa nyumbani, kambi ikawatenganisha, na baba alikuwa hajamwona mama yake kwa miaka kumi na miwili. Nilipomuuliza kwa nini asipande ndege moja kwa moja, alicheka. “Safari zangu zote nilikuwa nakimbia,” alisema. “Hii nataka nikae dirishani. Mwenda pole hajikwai.” Viza ilikuwa imeshagongwa na likizo ya Agosti imeshakubaliwa. Mimi nilikuwa karani wake: yeye alitaja saa za treni, mimi niliandika. Alisema Kiswahili nami nikajibu Kiingereza, kama watoto wote wa kanisani kwetu, na wakubwa wakaamini kwamba hatusikii kitu. Lo! Tulisikia kila kitu. Nilijua nani kaachwa na nani ana mimba, maana walisengenyana juu ya vichwa vyetu kama vile sisi ni viziwi.

Jumanne moja jioni, baba akiwa kazini, shangazi Zawadi alipiga simu. Mama alikuwa ananisuka, mikono imejaa mafuta, kwa hiyo akaiweka simu mezani sauti ikiwa wazi.

“Mama Furaha, uko na nani?”

“Niko na mtoto tu. Sema, huyu Kiswahili hakipandi.”

“Mama ametutoka. Alfajiri ya leo. Tunazika Jumamosi. Baba Furaha asijue mpaka muwe na watu nyumbani.”

Mikono ya mama ilisimama kichwani mwangu. Kisha ikaendelea kusuka, safari hii kwa nguvu, na machozi yakanitoka. “Pole, mwanangu,” akaniambia kwa Kiingereza chake. “Nimevuta sana.”

Kwetu msiba hausemwi na mke peke yake. Wazee huja, huketi, humwacha mtu ale kwanza, ndipo wanatamka, na mikono ya kumshika iko karibu. Ni desturi nzuri, sibishi. Bukavu wazee wangefika ndani ya saa moja. Lakini London wazee wetu walikuwa watu wa zamu. Mzee Bahati wa Ilford alisafisha ofisi usiku kucha, wenzake walitunza wagonjwa, na nafasi ya wote kukutana ilipatikana Jumamosi saa nane mchana. Jumamosi! Hata mimi niliona. Akiambiwa Jumanne, kuna ndege. Akiambiwa Jumamosi, kimebaki kilio tu. Nilimkasirikia mama, na kidogo ningali nimekasirika, ingawa najua aliogopa, kwa kuwa daktari alikuwa ameshamwonya baba kuhusu presha.

Alhamisi baba alikaa kwenye ramani yake akipiga mluzi. Mara mbili alikuwa amempigia Koko simu, na mara zote mbili shangazi alimwambia amelala. “Uzee huo,” alisema, wala hakushtuka. Kisha akaniambia, “Andika hapa: saa ya kufika tusiwaambie. Nataka afungue mlango mwenyewe, anione.” Kalamu iliniganda mkononi. Nikamwita, akainua macho. “Nini, mama?” Alizoea kuniita mama, kwa sababu jina langu la pili ni la Koko. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, kwa Kiswahili safi kabisa. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba treni inafika Sacramento mchana. Nikaandika. Niliogopa mama, niliogopa presha, na zaidi niliogopa uso wake. Mwoga mkubwa wee!

Jumamosi wazee walikuja, wakala ugali, wakasema. Baba hakulia kwanza. Aliuliza, “Lini?” Wakamjibu Jumanne. “Na mazishi?” Mzee Bahati akatazama saa yake. “Leo. Zimebaki saa nne tu.” Baba akauliza nani alijua, na macho yakainama moja baada ya jingine, ya mama yakiwa ya kwanza. Mimi tu ndiye niliyemtazama, kwa kuwa sikuweza kufanya lingine. Akanivuta, akanipakata ukubwa wangu wote ule, na kuwaambia, “Katika nyumba hii, huyu peke yake hajanificha kitu.”

Treni hakupanda. Siku hizi misiba yetu hutangazwa kwenye kundi la familia kabla marehemu hajafunikwa shuka, na picha juu. Nilidhani ningelipenda jambo hilo, kumbe namkumbuka hata Mzee Bahati na kofia yake mkononi. Baba amestaafu, na sasa tunazungumza Kiswahili mchana kutwa. Mwezi uliopita alinipigia simu akasema anataka kwenda kuliona kaburi, kwa treni, na hataki kwenda na mtu mwingine ila mimi. Nimekata tiketi. Kutoka Chicago ni zaidi ya siku mbili, yeye dirishani, mimi ubavuni pake. Lazima nimwambie kwamba nilijua, kabla hatujasimama pale kaburini, na sijui nitamwambia katika mji gani.