Glavu ya Nahodha Loretta

Loretta Haskins aliendesha mashua ya Otis, yule mamba bandia wa sinema aliyeibuka majini gizani kutisha abiria, kwa miaka thelathini na mmoja katika bustani yetu ya michezo hapa Florida. Mimi nilikuwa fundi wa Otis, kwa hiyo nikisema mnyama alikuwa mbovu, nina haki.

Otis wa kwanza alikuwa mpira mtupu, akivutwa kwa waya na injini ya lori. Wa pili alipewa mataya ya chuma, akaja na tabia ya kutapika oili. Mara mbili kwa wiki hakuibuka kabisa. Hapo manahodha walikuwa na dawa yao: glavu ya mpira iliyochomekwa kiunoni. Mamba akigoma, nahodha anaichovya bwawani, ananong'ona gizani, na mtu wa kiti cha mwisho anaguswa shingoni. Kwa hilo Loretta hakuwa na mpinzani.

Mwaka jana akaja Otis wa tatu, wa kwenye skrini. Mashua inajiendesha, maneno yamerekodiwa. Loretta akaalikwa kwenye majaribio kama mgeni tu. Roho iliniuma. Siku hiyo mkurugenzi, Bwana Whitlow, ndiye angeamua kama nahodha bado anahitajika.

Katikati ya safari skrini ikazimika. Spika ikaendelea kupayuka, "Huyo hapo! Huyo hapo!" na mbele yetu giza tupu.

"Huyo wapi?" akauliza Whitlow.

"Punguza sauti, bosi," Loretta akanong'ona nyuma yake. "Leo hajala."

"Acha utani, Loretta."

"Haya. Ila mkono wako uingize ndani. Mimi nyama yangu imeshakuwa ngumu. Wewe umenona."

Watu wakacheka. Maji yakachapa ubavu wa mashua. Whitlow akaingiza mkono polepole, na glavu ikatua shingoni mwake.

"Mamaaa!" Alilia kama mbuzi, kofia ikaruka bwawani. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Alipopata pumzi, akaitazama ile glavu. "Umealikwa kama mgeni, ukaja nayo?"

"Hata kanisani naenda nayo."

Jumatatu, kwa amri ya Whitlow, nilifunga tena kiti cha nahodha kwenye kila mashua. Kwenye orodha ya vifaa, chini ya maboya, Whitlow alikuwa ameongeza kwa mkono wake: glavu moja ya mpira, ilowe.