Grisi ya Mdogo Wangu

Sitajikosha. Mdogo wangu nilimwonea wivu tangu siku aliyorudi kutoka chuo cha ufundi akaitundika ovaroli yake kwenye msumari wa pili, gereji kwangu, hapa Shinyanga mjini. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana. Miezi mitatu tu, wateja wakawa wananisalimia vizuri, halafu macho yao yananipita begani. "Mdogo wako yupo?"

Yupo. Huyo alikuwepo kila mara.

Kilichonichoma zaidi kilikuwa kitu kidogo, tyubu yake ya grisi. Mimi nilikuwa na ndoo moja ya grisi nyekundu, na kwangu ilitosha: beringi, bushi, bawaba za milango, na raba za breki, zile za ndani ya silinda zinazozuia mafuta ya breki yasivuje. Hasa raba za breki. Pikapu zinazobeba mawe ya dhahabu kutoka Mwakitolyo kwenda kwenye makarasha, mashine za kusagia mawe, hujaa vumbi mpaka ndani ya magurudumu, na sisi mafundi wa huku tulizoea kuzifukia raba kwa grisi ili vumbi lisipate pa kupenya. Wateja nao walipenda kuiona. "Weka ya kutosha fundi, usibanie," na mimi nachota kwa vidole viwili.

Mdogo wangu ndoo ile aliigusa kwa beringi tu. Raba alizipaka ya kwenye tyubu, utando mwembamba, kisha anafuta inayozidi. Siku moja tukiwa wawili akaniambia kwa adabu, "Kaka, hii nyekundu inatokana na mafuta ya petroli. Raba ya breki ikiinywa inavimba. Inataka grisi yake, ya raba." Akanionyesha raba mbili alizokuwa ameziloweka kwenye vifuniko vya chupa, moja kwa grisi yake, nyingine kwa yangu. Ya kwake ilikuwa vilevile. Ya kwangu ilikuwa imenenepa na kulegea, haiingii tena kwenye silinda.

Nilijua palepale kwamba anasema kweli, na ndiyo maana nikakasirika. "Nimefunga breki kabla hujaota meno," nikamwambia, nikaitupa ile raba nje. Kuanzia hapo nikawa nachota kwa vidole vitatu.

Basi kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa mawe, mwenye pikapu mbili. Wateja wangu wote wazuri walikuwa wameshahamia kwa mdogo wangu. Alibaki huyo, na nilimlinda kweli. Dereva wake alipoleta pikapu moja ifungwe raba mpya za nyuma, nilingoja mdogo wangu aende msibani kijijini, nikaifunga mwenyewe. Dereva aliichukua jioni, hakuona mkono wa nani umefanya kazi.

Baada ya wiki mbili ililetwa ikiwa imevutwa kwa kamba, na mama mwenyewe nyuma yake. Breki ya gurudumu la nyuma ilikuwa imeng'ang'ania, gari likiwa na mzigo, mpaka gurudumu likafuka moshi. Mdogo wangu akapiga jeki, akafungua. Mimi nilisimama hatua mbili kutoka hapo. Akazitoa raba: zimevimba, zimekwama kwenye silinda, na grisi nyekundu imezigandia pande zote. Akanitazama mara moja tu.

"Nani alifunga hizi?" mama akauliza.

Neno moja, na mteja wangu wa mwisho angekuwa wake. Na ingekuwa haki.

"Ni mimi, mama," mdogo wangu akasema. "Nilikosea grisi. Naomba unisamehe."

Tumelelewa hivyo, mdogo hamwaibishi mkubwa wake mbele ya watu. Lakini adabu ilimtaka asinitaje tu; kulibeba kosa langu kulizidi adabu, na alilibeba kwa hiari yake. Badala ya kushukuru, nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwa sababu nilijua mimi nisingeweza kulifanya.

Mama akanigeukia. "Unaona sasa! Nilimwambia dereva, gari langu lisiguswe na mtu mwingine ila kaka mtu. Ungefunga wewe, haya yangetokea?"

Mdogo wangu alikuwa ameshaingia chini ya gari, inaonekana miguu tu na spana yake inasikika ikigonga. Nafasi ya kusema ilikuwepo, ndefu kabisa. Mama alikuwa ananingoja, wala hakuwa na haraka. Nikafuta mikono yangu kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Bado kijana, mama," nikasema. "Anajifunza."

"Wabeja sana, asante baba. Basi kuanzia leo zote mbili ni zako peke yako."

Spana chini ya gari ilinyamaza. Na mimi, nimesimama pale na kitambaa changu mkononi, nilifurahi.