Vichaka Vitatu vya Nyamoita

Mama mkwe wangu, Nyamoita wa Gesima, alizika watoto watatu kabla ya kumpata mume wangu. Kila alipozika, alichomeka kijiti upande wa kichwa: kijiti cha ule mmea wa majani mapana yenye manyoya, tunaouzungushia boma na kufunikia ndizi ziive. Aliuchagua kwa sababu majani yake ni laini kwa mtoto, tena haufi upesi. Kiangazi aliumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Magugu aliyang'oa kwa mkono, maana jembe alilihofia hapo.

Mwaka wa 1968 wapima mashamba wakafika na mnyororo wao wa kupimia. Wakakuta vichaka vitatu vikubwa kwenye mstari mmoja, na kwetu mmea ule ukikaa mstarini ni mpaka, hata mtoto anajua. Wakamwuliza Onchiri, shemeji ya Nyamoita mwenye shamba la jirani, kama mpaka unapita hapo. Onchiri ndiye aliyechimba makaburi yale. Akasema ndiyo, unapita hapo. Basi vichwa vya watoto vikawa mpakani, miili ikawa kwake. Mwenye nguvu mpishe. Baba mkwe alikuwa Kericho akichuma majani ya chai, na wazee wa kamati ya ardhi hawakuwa na desturi ya kumwuliza mwanamke. Nyamoita alisimama pale pale, akanyamaza.

Onchiri aling'oa vichaka, akapanda chai. Mizizi ikawa inachipua katikati ya chai kila mvua, naye anang'oa na kurusha upande wetu. Nyamoita aliokota kila kijiti, akakipanda nyuma ya jiko.

Nilipoolewa hapo mwaka wa 1974, majirani walinisimulia hayo yote, na kusema kweli kimya cha Nyamoita kilinikera kuliko uongo wa Onchiri. Mwezi wa kwanza nikaenda nyuma ya jiko kuchuma majani nifunike mkungu. Akanishika mkono.

"Haya usichume. Ni watoto wa nyumba hii."

Hasira ikanipanda. Nikamwuliza mbona siku ile hakusema.

Akapangusa vumbi kwenye jani moja kwa kidole gumba.

"Ningesema ni makaburi, wangechimba wahakikishe."

Ndizi zile nilizifunika kwa gunia.