Doli Lililopewa Jina la Mama

Wiki iliyopita, hapa sokoni Busia, jirani yangu alifungua katoni ya ndala mpya, na harufu yake ikanifikia kabla sijaona kilichokuwemo. Ilikuwa tamu kama ya fenesi lililoiva kupita kiasi, na nyuma ya utamu huo kulikuwa na kitu kama mafuta ya taa. Wateja walisogea kunusa, wakasema kweli mali ni mpya. Mimi nilitoka nikasimama juani mpaka kichefuchefu kikapungua. Jirani alidhani nina mimba, akanipongeza. Sikumsahihisha, maana habari yenyewe ni ndefu. Ninyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, tukabaki watatu katika nyumba yetu nje kidogo ya Malaba, upande wa Uganda: mimi, mdogo wangu Okoth aliyekuwa akisoma, na Awino, kitinda mimba, mwenye miaka minne. Shule niliiachia darasa la sita. Hakuna aliyeniambia niache. Ilifika Jumatatu moja nikaona sare yangu imekauka kambani na uji hauna mpikaji mwingine, nikaikunja.

Nilipata kazi ya kuvusha bidhaa. Mfanyabiashara mmoja wa upande wa Kenya, tukimwita Mama Pendo, alileta madoli ya plastiki kwa katoni, nasi wasichana tukayavusha kwa njia ya mtoni, mbali na geti la mpakani. Maboksi hula nafasi, kwa hiyo kwanza tuliyatoa madoli na kuyaacha maboksi huko huko. Kisha nilifunga madoli ishirini ndani ya leso na kuyabeba mgongoni kama mtoto, kichwa kimoja kikichungulia begani. Askari mmoja aliwahi kuniuliza, "Mtoto gani huyu halii?" Nikamjibu, "Ana adabu, afande."

Kila boksi lilikuwa na picha ndogo ya uso wa mtoto uliokatwa kwa mstari mwekundu, na maandishi membamba chini yake. Nilidhani picha ile inasema mtoto akipewa doli hatalia; miaka mingi baadaye ndipo nilipojua ni onyo kwamba kitu hicho si cha watoto wadogo. Kila boksi lilikuwa nayo, na kila boksi tuliliacha ng'ambo.

Siku za kazi kichwa kiliniuma. Niliona ni njaa.

Siku moja Mama Pendo alinirushia doli. "Pelekea mtoto wako."

"Ni mdogo wangu, mama, si mtoto wangu."

"Unamlisha wewe, ni wako. Nusa kwanza! Kitu ikinuka hivi ni mpya, si mtumba."

Nilinusa, nikajivuna. Vitu vyetu vyote vilikuwa vimekuja na harufu za watu wengine.

Kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina atakalonyamazia ndilo lake, kwa kuwa mwenye jina amerudi kulidai. Awino aliwahi kuona wakifanya hivyo kwa jirani. Basi akalipakata doli lake akalitajia majina yote aliyoyajua, hata la mbwa. Alipofika "Achieng", akatangaza kwamba doli limenyamaza. Achieng lilikuwa jina la mama.

Akawa analala nalo ndani ya neti, mkono wa doli mdomoni.

Wiki ya pili alianza kuamka akitapika, ameshika kichwa, vipele vimemzunguka midomo. Nilinunua dawa ya malaria dukani, akaimaliza, hali ikawa ile ile. Nikampeleka Osukuru kwa Waya, ndivyo tunavyomwita shangazi, na katika haraka doli likabaki nyumbani. Siku tatu alikula na kufukuza kuku. Tuliporudi, asubuhi yake akatapika tena.

Waya alitufuata. Aliposikia jina la doli, alikaa chini.

"Mmeipa plastiki jina la mtu? Athieno, una akili kweli? Kwangu mtoto mzima, hapa mgonjwa. Mama yenu yuko hapa, na anamtaka huyu."

Akaagiza jina libadilishwe. Tukaliita Nyar Malaba, binti wa Malaba, na doli lenyewe tukaliacha kitandani, maana kosa halikuwa lake.

Kesho yake Awino hakuweza kusimama. Mchana huo nilikwenda kwenye kaburi la mama nyuma ya jiko. Sikupiga magoti.

"Ulituacha, nikanyamaza," nilimwambia. "Shule imekwisha, nikanyamaza. Sasa unakuja kunichukulia na huyu? Humpati! Unasikia? Humpati!"

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hakuna jirani aliyekuja kuuliza kuna nini.

Kisha nikambeba Awino mpaka zahanati, doli likiwa kifuani pake kwa sababu alikataa kuliachia. Muuguzi alikunja pua kabla hajamgusa mtoto.

"Hii nanuka nini?"

"Ni mpya, sista."

"Mpya! Mutoto nalala na hii? Wewe mwenyewe kichwa haikuumi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za kichwa changu. Nikaitikia kwa kichwa hicho hicho.

"Sijui walichanganya nini humo," alisema, sasa kwa upole. "Lakini kama inakuumiza wewe, huyu mdogo anaiweka mdomoni. Toa kwa nyumba. Fua neti, fua shuka, acha mlango wazi."

Nililitumbukiza doli kwenye shimo la choo. Awino alijitupa chini akilia, "Umemtupa mama! Umemtupa mama!" Siku ya nne alikuwa hatapiki tena, lakini kwa wiki mbili alikubali kulishwa na Okoth tu.

Nilimwambia Mama Pendo kwamba mimi nitavusha sabuni, madoli basi. Alicheka, akampa mzigo wangu msichana mwingine. Yale niliyokwisha kuyavusha, sijui yalikwenda kulala na watoto gani. Hilo bado linanisumbua.

Miaka mingi niliona aibu kwa jinsi nilivyomgombeza marehemu kwa kosa la plastiki. Niliwahi hata kuomba msamaha, nikiwa nimesimama pale pale kaburini. Siku hizi naielewa vingine siku ile. Kila mtu mwingine ilinibidi kumheshimu, kumwomba au kumlisha. Mama alikuwa ndiye mtu pekee niliyeweza kumfokea bila kuogopa kwamba ataondoka.