Kura za Mahindi

Kila asubuhi kabla ya masomo tulisimama uwanjani, tukaimba na kucheza kuisifu nchi na Rais, baba mmoja wa wote, mpaka jasho likatutoka. Mimi ndiye niliyekuwa mwanzishaji. Nilikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, na mkurugenzi wa shule yetu kule Kadutu alinichagua kwa ajili ya sauti hiyo: mimi niliita, shule nzima ikaitikia. Siku nilizougua, bendera ilipanda kinyonge. Nasema hivyo kwa majivuno na sioni haya.

Baada ya bendera lilifuata somo la civisme, yaani la uraia. Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa kijana mwenye abacost moja ya kahawia, lile koti lisilovaliwa tai, kola imechakaa lakini daima imepigwa pasi. Alitufundisha kwamba Zaïre haina tena monsieur wala madame, bwana wala bi. Sote ni citoyen, raia, na mwanamke ni citoyenne. Nikarudi nyumbani, nikamwamkia bibi yangu, "Bonjour, citoyenne." Aliweka ungo chini, akamwuliza mama kama mtoto wake amemkana.

Bibi huyo, tuliyemwita koko, alikuwa ametoka kisiwa cha Idjwi kuja kuishi nasi, na kwake utawala wa mwami, mfalme wa kwao, haukuwa jambo la kufundishwa. "Mwami anazaliwaka na mbegu mu mukono," aliniambia. "Haombake kitu kwa mutu."

Maneno hayo niliyapeleka darasani. Mwalimu mwingine angenichapa. Huyu alicheka, kisha akatazama viganja vyake.

"Sisi bengine tunazaliwaka na mukono mutupu," akasema. "Njo maana tunachagula. Kesho tutachagula chef de classe."

Hilo lilikuwa jambo jipya. Mpaka siku ile chef, yaani kiranja wa darasa, aliteuliwa na mkurugenzi, naye alikuwa mvulana mmoja mrefu, mpole, mtoto wa msimamizi wa sakristia. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wanaopiga kelele mwalimu akitoka, na kwa kazi hiyo tulimchukia sote kwa moyo mmoja. Mwalimu alipouliza nani atashindana naye, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kuuliza.

Niliutaka uchef ule. Sikuwa na mpango wowote wa kuliendeleza darasa. Nilitaka tu kusimama mbele ya watu siku moja bila kumwimbia mtu mwingine.

Kesho yake nilileta chungu cha mama. Kila mwanafunzi alipewa punje moja ya hindi na moja ya haragwe. Hindi lilikuwa langu, haragwe la yule mvulana. Unakwenda nyuma ya ubao, unatia moja chunguni, nyingine unaificha mfukoni. Rahisi kabisa, lakini darasa lilitatizika. Mmoja aliuliza, "Citoyen maître, tutaimba saa ngapi?" Mwingine alitoka nyuma ya ubao amenyoosha punje yake kwa mwalimu, apate kusifiwa.

"Usinionyeshe!" mwalimu akasema huku akifumba macho. "Kazi yenyewe njo hiyo, usinionyeshe!"

Alipomimina chungu mezani, hakukuwa na haja ya kuhesabu. Meza ilikuwa nyeupe kwa mahindi. Darasa likalipuka. Mimi nilibaki kwenye benchi, nikiwaza nitasimama vipi mbele yao.

Kelele zilimleta mkurugenzi. Alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Ni nini hii?"

"Ni zoezi la civisme, citoyen directeur. Uchaguzi."

"Bakandida iko bangapi?"

"Babili."

"Babili," mkurugenzi akarudia polepole. "Nyumba moja iko na bapapa bangapi?"

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotutisha. Alimwambia mwalimu apite ofisini saa ya mapumziko. Kisha akasema uchaguzi utaanza upya, kwa makofi, na kandida, yaani mgombea, ni mmoja, yule chef aliyekuwapo. Akanigeukia mimi.

"Wewe, anzisha."

Hakuna aliyeweza kuanzisha badala yangu. Ndivyo tulivyozoea: mwanzishaji asipoita, hakuna wa kuitikia. Darasa zima liligeuza shingo kunitazama. Nilifunga mdomo, nikauma meno. Nilikuwa nimekasirika hasa, na hasira yangu haikuwa kwa mkurugenzi peke yake. Mwalimu naye, nani alimtuma kutufundisha kitu asichoweza kukitetea?

Nikamtazama nikiwa na hasira hiyo. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya mahindi yangu, ameyafunika kama mtu anayefunika mboga isiingie nzi. Hakunikonyeza, hakunisihi. Lakini nikamkumbuka mwalimu aliyemtangulia, aliyeondoka katikati ya mwaka bila kutuaga, na hakuna mtu mzima aliyetuambia alipelekwa wapi. Huyu nilikuwa nampenda. Sikutaka aende.

Nikaita. Niliita kwa sauti yangu yote, wakaitikia kwa sauti yao yote, wale wale walionitilia hindi, wakicheza na kupiga makofi mpaka vumbi likapanda. Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda zake. Mwalimu alirudisha punje chunguni, akanikabidhi. Alisema "Asante, citoyenne," na akaendelea kuwa mwalimu wetu mpaka mwisho wa mwaka.

Jioni chef wetu alinifuata kwenye mteremko, akanisaidia kubeba chungu.

"Miye pia niliweka hindi," akasema.

"Juu ya nini?" nikamwuliza sababu.

"Nilichoka. Kila siku naandika majina, kila siku munanichukia. Nilifikiri leo itaisha."

Nilipokea chungu changu kwenye kona ya kwetu, naye akashuka zake.

Koko alinipokea chungu. Alizichambua zile punje, akazipuliza vumbi, akazitia katika sufuria ya maharagwe iliyokuwa motoni. Wakati wa chakula niliyatafuta mahindi kwa kidole, moja moja, nikijaribu kukisia hili alitia nani na hili nani. Yalikuwa hayajaiva vizuri.

"Leo mulisoma nini mu civisme?" baba akaniuliza.

"Kuchagula, papa."

"Eh! Vizuri. Na mulichagula nani?"

Nilikuwa na mahindi kinywani. Nikaendelea kutafuna mpaka akasahau kwamba aliuliza.