Shangingi Langu na Ng'ombe wa Baba Mkwe

Nichekeni tu, niliyataka mwenyewe. Baba mkwe wangu wa Gitting alinikabidhi ng'ombe wanne niwatunze. Mimi, mwalimu wa Katesh, nikanunua shangingi lililokwishatumika. Giaboksi ikaharibika, nikauza ng'ombe mmoja. Shokapu zikafa, nikauza mwingine. Injini ikamaliza waliobaki.

Wiki iliyopita mzee akaja kuwaona. Haraka haraka nikaazima ng'ombe wanne wa jirani, nikawaingiza zizini.

"Shikamoo, baba. Hawa hapa, wamenenepa!"

"Marahaba."

Akawaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja. Hakuna aliyegeuza hata sikio. Mzee akanitazama, akalitazama shangingi, kisha akagonga boneti taratibu kwa fimbo.

"Fungua, mwalimu. Yule wangu wa madoadoa amekuwa chuma gani humu ndani?"