Ushahidi Aliodai Joash Obiero

Joash Obiero alikuwa karani wa vifurushi katika stesheni ya reli ya Eldoret kwa miaka kumi na minane. Alikuwa mtu wa Ugenya, mrefu, mkimya, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka, kwa sababu hakuwahi kuizoea baridi ya huku juu. Dirisha lake lilikuwa na wavu wa chuma, na nje ya wavu watu walipanga foleni kudai mizigo yao: magunia, masanduku, magodoro yaliyofungwa kamba. Mwenye risiti alipewa. Asiye nayo alirudi nyumbani. Mzee mmoja kutoka Cheptiret aliwahi kumbembeleza asubuhi nzima kwa ajili ya baiskeli ambayo wote wawili walikuwa wakiiona imeegemea ukuta.

"Mzee, mimi sisemi si yako," Joash alimwambia kwa upole. "Lakini anayedai ndiye anayeonyesha."

Mzee alirudi siku ya tatu na risiti, akapewa baiskeli yake, na hawakukosana.

Joash aliishi Langas na mkewe Leonida. Leonida alishona sare za shule kwa cherehani iliyokaa karibu na mlango, na alikuwa akiimba kutwa nzima nyimbo za kanisani. Wateja walijua kama yupo au hayupo hata kabla ya kufika kwenye ua.

Mwaka wa 1981 surua ilipita Langas. Awino, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miaka sita. Aliugua siku tisa. Pasta Kituyi, aliyeongoza kanisa lao dogo la mabati, alikuja kila jioni kumwombea, na akina mama wakafunga. Siku ya kumi Awino akafariki. Walimpeleka Ugenya, wakamzika karibu na nyumba ya nyanya yake, na kaburini Pasta akasema kwamba Mungu amemwita mtoto wake.

Joash alishika koleo akasaidia kufukia. Aliuliza wiki tatu baadaye, wakiwa wamerudi Eldoret, wakila.

"Mama Awino, nani alimsikia akimwita?"

Leonida aliacha tonge mkononi. "Unauliza nini?"

"Nauliza tu. Pasta alisema ameitwa. Nataka kujua alijuaje."

Tangu wiki hiyo Joash hakwenda tena kanisani. Hakumkataza mkewe, wala hakumkejeli. Ila kila alipomsikia akisema Awino yuko mahali pazuri, aliuliza ni nani aliyepaona mahali hapo. Aliuliza bila hasira, kwa sauti ileile ya pale dirishani. Alikuwa na uchungu ambao hakujua pa kuuweka, na kuuliza kulimpunguzia kidogo.

Miaka ya kwanza Leonida alimjibu bila taabu.

"Wewe ndiye unayetakiwa kuleta ushahidi," alimwambia siku moja akitia uzi kwenye sindano. "Baba zetu waliamini, mama zetu waliamini. Wewe ndiye unayekuja kubomoa."

"Mtu akija akisema kuna mzigo wake ndani, si mimi wa kuonyesha kwamba haupo."

"Lakini mimi sijakuja kwa dirisha lako, Baba Awino. Mimi niko nyumbani kwangu, naimba."

Joash alicheka, na mambo yakaishia hapo. Pengine yangeendelea kuishia hapo miaka yote kama Pasta Kituyi hangekuja mwaka wa 1988.

Alikuja Jumamosi mchana, mwezi mmoja hivi baada ya uchaguzi wa mlolongo, ule ambao watu walipanga foleni nyuma ya mgombea wao wakahesabiwa. Alikuwa amezeeka kidogo, mtu mwema, asiyependa ugomvi. Leonida aliwapikia chai. Pasta alisema amekuja kumrudisha Mzee Obiero kundini.

"Nitarudi," Joash alisema. "Nithibitishie tu kwamba yuko."

"Mzee Obiero, kutoka hapa mpaka ziwani, hesabu watu wanaoamini. Wote hao wamepotea, wewe peke yako ndiye unayeona? Anayewapinga wote ndiye abebe mzigo wa kueleza."

"Pasta, wingi si ushahidi. Juzi tumesimama kwa foleni. Wewe uliona foleni gani ilikuwa ndefu, na ukasikia nani ametangazwa kushinda."

Pasta Kituyi alitazama mlangoni. Siku hizo mtu hakusema maneno kama hayo hata akiwa nyumbani kwake. Alishusha sauti, labda ili wayaache hayo upesi, na ndipo aliposema lile neno.

"Siwezi kukuthibitishia. Hakuna awezaye. Hata mimi kuna siku naomba, na naona kama naongea na mabati."

Aliyasema kwa unyoofu, kama mtu anayemfungulia mwenzake moyo. Kisha akaendelea kueleza kwamba imani ndiyo hiyo, kuomba hata hivyo. Lakini Leonida, aliyekuwa amesimama na birika, hakuyasikia hayo ya baadaye. Alikuwa amewekeza moyo wake wote kwa mtu huyu aliyesema Awino ameitwa. Siku zote aliamini kwamba Pasta anajua jambo ambalo watu wengine hawalijui.

Joash alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akarudi akiwa mchangamfu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba mtu kumkubalia. Hakumtazama mkewe usoni.

Leonida hakuacha kuimba kwa siku moja. Aliacha kidogo kidogo. Kwanza aliimba ubeti mmoja akanyamaza. Kisha akawa anavumisha tu sauti bila maneno. Kufikia mwisho wa mwaka, cherehani ndiyo iliyosikika peke yake. Nasambu, jirani aliyekuwa akienda naye kanisani, alianza kupita peke yake Jumapili.

Joash alipomuuliza mkewe sababu, alijibiwa hivi: "Nikianza kuomba nasikia sauti yako. Inaniuliza nani anasikia. Nanyamaza ili nisikilize, na sisikii mtu."

"Basi sasa unafikiri," Joash alisema, na alisema kwa furaha. Maneno hayo alikuja kuyajutia kuliko yote aliyowahi kusema.

Uvimbe kwenye titi Leonida aliuficha karibu mwaka mzima. Alipouonyesha, ulikuwa umeshapasuka. Walikwenda hospitali mjini, wakatumwa Nairobi, na huko daktari akamwita Joash pembeni na kumwambia amrudishe mkewe nyumbani, ampe dawa za maumivu. Hiyo ilikuwa Januari 1990. Joash aliomba likizo. Aliisogeza cherehani, akaweka kitanda karibu na mlango ili Leonida aone nje.

Alasiri moja Leonida alimwita.

"Baba Awino, nitamwona mtoto?"

Joash alikaa ukingoni mwa kitanda. "Utamwona."

"Unajuaje?"

Aliuliza bila hasira. Joash alilinyoosha blanketi miguuni pake. Miaka tisa alikuwa ameuliza swali hilo na hakuwahi kufikiri lingefika kwake.

"Naamini tu," alisema mwishowe.

"Wewe? Tangu lini?"

"Tangu leo."

Leonida alijivutia shuka. Hakumlaumu. "Usinidanganye, Joash," alisema, akageukia ukutani. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake tangu Awino azaliwe.

Kesho yake asubuhi Joash alimkuta Pasta Kituyi akifagia kanisa.

"Pasta, nimekuja kukuomba. Mrudishie imani yake. Mimi niache hivi nilivyo, lakini yeye mrudishie."

Pasta aliegemeza ufagio. "Ningekuwa ninayo mahali nimeiweka, ningekupa ukampelekee. Siku ile nilisema vibaya?"

"Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekuuliza mbele yake."

Walienda pamoja. Pasta aliomba kwa muda mrefu, kwa maneno mazuri. Leonida alisema, "Asante, Pasta," kama anavyoshukuru mtu aliyeletewa maziwa asiyoweza kuyanywa. Nasambu naye alikuja jioni, akamwimbia wimbo aliokuwa akiupenda kuliko nyimbo zote. Leonida alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni mzuri," alisema. "Zamani ulikuwa unaniingia."

Siku zilizofuata Joash alijaribu kila njia. Alitafuta miwani, akamsomea Biblia, sura baada ya sura, kwa sauti isiyozoea. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyekosea kuuliza, kwamba kutoonekana kwa kitu si kusema hakipo. Leonida alikubali kwa kichwa. Maneno yote hayo alikuwa ameyasema yeye mwenyewe zamani, akiwa kwenye cherehani, na aliyajua yanakofika na yanakokoma.

Jumanne moja, mnamo saa nne asubuhi, Joash alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuwa amepiga magoti tangu siku tisa za Awino. Alitaka Leonida amwone akiomba. Alifumba macho akatafuta neno la kuanzia, na hakulipata. Akahisi mkono wa mkewe juu ya kofia yake.

"Inuka," Leonida alisema. "Sakafu ni baridi, magoti yatakuuma."

Hakusema tena neno lingine. Alifariki kabla ya jua kufika utosini.

Walimzika Ugenya, kando ya Awino. Kaburini Pasta Kituyi alisema kwamba dada Leonida amelala akiwa na imani thabiti, kisha akamtazama Joash, kama anayeomba ruhusa. Joash akasema, "Ni kweli." Mama mkwe wake alikuwa amesimama pale, na alilihitaji neno hilo.

Joash alistaafu mwaka uliofuata, akarudi Ugenya kukaa karibu na kakake Opiyo. Kila Jumapili alikwenda kanisani, akaketi benchi la nyuma, akasimama watu waliposimama. Watu walifurahi kwamba amerudi kwa Bwana. Yeye hakuwa amerudi popote. Alisikiliza, hakusikia kitu, akaenda nyumbani.

Jioni moja Opiyo, akiwa amekunywa kidogo, alianza kumtania mkewe Hulda aliyekuwa akishukuru kabla ya chakula. "Huyo unayemshukuru, umewahi kumwona akilima?"

Joash alimshika kakake mkono akamtoa nje.

"Usimuulize hivyo," alimwambia. "Ukiwa na la kuuliza, niulize mimi."

"Lakini si wewe mwenyewe ulikuwa ukiuliza hayohayo? Ulipata jibu?"

"Sikupata."

"Basi kuna ubaya gani?"

Joash alijaribu kumweleza. Alianza na cherehani, akaacha. Akaanza na siku ile ya chai, akaacha. Opiyo alimpiga begani, akacheka, akarudi ndani kula, na Joash akamsikia akiliuliza swali lilelile tena, kwa sauti kubwa zaidi, na Hulda akijibu, bado bila taabu.